Tusilaumu Kichujio, Tulaumu Kabati

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nimeshika kalamu kuzungumzia ufa mmoja mdogo unaokisumbua chama jirani, yaani chama chetu cha upigaji picha, ambacho mimi pia ni mwanachama wake. Ufa wenyewe umo ndani ya kipande cha kioo kisichozidi mdomo wa kikombe cha chai. Kioo hicho hufungwa mbele ya lenzi ya kamera na huitwa kichujio cha polaraiza.

Katika muda wa miaka mitatu chama kimenunua vichujio viwili vya aina hiyo, na vyote viwili vimeharibika. Cha kwanza kilianza kuota madoa pembeni, mfano wa majani ya mwituni, yakaendelea kusonga mpaka katikati. Cha pili kilififia rangi, kikawa cha kahawia, na pete yake ikakwama kabisa isizunguke. Sasa kuna pesa kidogo zilizowekwa kando, na muhula ujao kamati itakaa kuamua zitumiwe vipi. Kuna wanaosema tununue cha tatu, tena cha bei ghali, ati vile vya kwanza vilikuwa vya bei rahisi ndiyo maana vikafa. Kuna wanaosema tuachane na vichujio kabisa kwa kuwa tarakilishi itafanya kazi hiyo. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya pande hizo mbili. Naomba mnisikilize kabla ya kunizomea.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kifaa chenyewe, maana wengi hukiona kama pambo. Mwanga wa jua hutikisika pande zote unaposafiri. Unapogonga maji, kioo au jani lenye nta na kurudi, sehemu kubwa ya kile kinachorudi hutikisika upande mmoja tu. Hicho ndicho tunachokiita mng'ao. Kichujio cha polaraiza ni mfano wa ua la fito zilizosimama wima. Ukipitisha ubao uliosimama wima utapenya, lakini ukiulaza utakwama. Mpiga picha huizungusha pete ya kichujio taratibu huku akitazama, na kwa ghafla mng'ao hupotea, akaona rangi ya kitu chenyewe iliyokuwa imefichwa. Jambo hili la mwanga uliorudishwa liligunduliwa na Mfaransa Étienne-Louis Malus mwaka wa 1808, alipokuwa akitazama kwa kutumia fuwele jinsi jua lilivyomulika madirisha ya kasri la Luxembourg kule Paris.

Hebu sasa tuje nyumbani. Nani kati yetu hajapita Kebirigo au Nyansiongo akaona mashamba ya chai yalivyotanda? Majani ya chai yana nta. Ukiyapiga picha saa nne asubuhi bila kichujio, utapata zulia la weupe weupe, si kijani. Ukienda Tabaka kwa wachongaji wa mawe ya sabuni, jiwe lililosuguliwa kwa msasa na maji kisha likapakwa nta hung'aa kama kioo. Mistari yake ya waridi na kijivu, ambayo ndiyo uzuri wake, humezwa na mng'ao. Migomba yetu nayo ikishanyeshewa hung'aa kila jani. Kwa hiyo mtu akisema kichujio hiki ni anasa ya watalii, mimi namwambia hajakitumia Gusii. Pengine hapana mahali kinapofaa zaidi kuliko hapa petu.

Tena kuna jambo la jua lenyewe. Kisii haifiki digrii moja kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na Septemba jua la saa sita huwa karibu juu ya utosi. Kichujio hukoleza samawati ya mbingu katika ule ukanda ulio robo ya duara kutoka jua lilipo. Basi saa sita ukanda huo huzunguka chini, juu kidogo ya vilima vya Manga, na asubuhi mapema hupita juu ya vichwa vyetu kutoka kaskazini hadi kusini. Anayejua hayo hugeuka kaskazini au kusini asubuhi na kupata mbingu nzito ya kupendeza. Asiyejua huelekeza kamera linakotoka jua, halafu analalamika kwamba kichujio ni kibovu. Na mbingu ikiwa imefunikwa na mawingu yote, kichujio hakiwezi kuikoleza hata ukizunguka nacho mpaka jioni, ingawa kwa majani mabichi bado kitasaidia. Si kila lawama inayopigwa kichujio ni ya haki.

Hata hivyo ni kweli kwamba vichujio vyetu viwili vimekufa. Vimekufa kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na ndipo ninapoomba wanasayansi wa kidato cha nne wanifuate kwa makini.

Watu hudhani kichujio cha polaraiza ni kioo kitupu. La hasha! Kioo ni vazi tu. Moyo wake ni utando mwembamba wa plastiki uliobanwa katikati ya vioo viwili kwa gundi. Historia ya utando huo inachekesha. Mwaka wa 1852 huko Bristol, Uingereza, mwanafunzi wa daktari William Herapath alitia iodini katika mkojo wa mbwa aliyekuwa amelishwa kwinini, zikajitokeza fuwele ndogo za kijani. Daktari alipozitazama kwa hadubini aliona kwamba zilipolaliana moja juu ya nyingine, pengine zilipitisha mwanga na pengine zilileta giza. Baadaye Mmarekani Edwin Land alizipanga fuwele kama hizo ndani ya karatasi ya plastiki, akaomba hataza mwaka wa 1929. Mwaka wa 1938 aliziacha fuwele, akachukua plastiki aina ya polivinili alikoholi, akaivuta mpaka molekuli zake zikajipanga mstari mmoja, kisha akaitia iodini. Vichujio vingi vya kamera hadi leo vimejengwa juu ya wazo hilo.

Sasa sikilizeni. Plastiki hiyo ya polivinili alikoholi hupenda maji. Ikiachwa katika maji ya kutosha yenye joto huyeyuka. Iodini iliyomo nayo haikai milele, kwa maana joto na unyevu huifanya ipoteze mpangilio wake, na kichujio hufifia au hubadilika rangi. Gundi nayo huachia ukingoni, mahali ambapo hewa hupata upenyo, na hapo ndipo yale madoa ya mfano wa majani huanzia. Jua kali likikipiga kwa saa nyingi huongeza chumvi juu ya kidonda.

Kama huniamini, chukua kikokotoo cha zamani kilichokaa miaka dirishani. Kioo chake kina madoa meusi au ya kahawia, si ndiyo? Skrini ya kikokotoo pia ina utando wa polaraiza, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ugonjwa ni ule ule. Ni vile tu hatukuwahi kuupa jina.

Na mahali petu ni pa namna gani? Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mvua ya masika ikikatika, haupiti muda kabla ile ya vuli haijaingia, na katikati mawingu ya alasiri hayatuachi. Nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Jumatano. Viatu vya ngozi vilivyosahauliwa chini ya kitanda huota ukungu mweupe. Ikiwa kiatu huota ukungu, jamani, kwa nini lenzi isiote? Kuvu hawahitaji chakula kingi. Vumbi kidogo, alama ya kidole yenye mafuta na hewa yenye unyevu vinawatosha. Wakishakaa hutoa asidi inayokula ule mpako mwembamba wa kioo, na ukiwafuta, alama zao hubaki. Haba na haba hujaza kibaba, na unyevu nao hujaza kwa mtindo huo huo.

Sasa niulize swali ambalo kamati haijauliza: vichujio vyetu vilikuwa vikikaa wapi? Vilikuwa katika kabati la mbao kwenye ghala, na ukuta wa ghala hilo ndio ukuta wa jikoni. Kila siku masufuria makubwa ya githeri huchemka upande wa pili na mvuke hupenya juu ya ukuta usiofika paani. Ndani ya kabati kamera imo ndani ya mfuko wa ngozi, ambao hufyonza unyevu na kuushika. Kichujio kimefungwa mbele ya lenzi siku zote, kana kwamba ni kifuniko. Hakuna anayekitoa, hakuna anayekikausha. Ukimweka hata mwanariadha katika chumba hicho mwaka mzima atatoka akikohoa.

Ndiyo maana nasema tusilaumu kichujio, tulaumu kabati.

Nawajibu wa kundi la kwanza, wale wa bei ghali. Sikatai kwamba vitu vinatofautiana. Kichujio kizuri huwa na ukingo uliozibwa vyema, mpako unaofutika kwa urahisi na pengine pete ya shaba nyeupe au ya manjano, ambayo haikwami upesi kama ile ya alumini. Hayo ni ya kweli. Lakini hata utando wa ghali ni utando, na hata gundi ya ghali ni gundi. Tukikiweka katika kabati lile lile, tofauti itakuwa kwamba kitachelewa kidogo kufa na kitatuuma zaidi mfukoni. Mtu ambaye paa lake linavuja hanunui godoro jipya kwanza. Huanza na paa.

Nawajibu wa kundi la pili, wale wa tarakilishi. Ni kweli programu za picha zinaweza kuikoleza mbingu, tena vizuri. Lakini jiulizeni: mng'ao uliofunika uso wa jiwe la Tabaka mpaka pakawa peupe pepepe, programu itajuaje mstari wa waridi ulipita wapi? Kilichopotea wakati wa kupiga hakimo ndani ya picha. Itabidi ibuni, na kubuni si kupiga picha. Mchongaji akitaka mnunuzi wa mbali aone kinyago chake, anataka kionekane kile alichokichonga kwa mikono yake, si kile tarakilishi ilichokisia. Haki ya mchongaji imo humo. Wapo wazee kule Tabaka wanaotuamini na kutuita tukawapigie kazi zao kwa sababu hawana kamera. Tukiwarudishia picha za jiwe lililofubaa, tumewapunguzia bei ya jasho lao. Hapo si mchezo wa chama tena.

Wengine wanasema simu zimechukua nafasi ya kamera. Sawa, lakini mng'ao haujui kama uko mbele ya simu au kamera. Shika kichujio mbele ya jicho la simu, ukizungushe, na utaona kinafanya kazi ile ile. Kwa hiyo kukitunza kunawafaa hata wale wa simu.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matano, na yote kwa pamoja hayafikii bei ya kichujio kimoja cha ghali.

Kwanza, tununue kopo la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko unaobana sawasawa, tulihamishie maktabani au ofisini, mbali na jikoni. Ndani yake tuweke vile vifuko vidogo vya silika jeli vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Kila mwanzo wa muhula vifuko hivyo hutupwa kwa makumi humu mabwenini. Tuvikusanye! Mwalimu wa kemia anaweza kutusaidia kuzikausha chembe zake kwa joto mle maabarani zikishashiba maji, halafu zikatumika tena. Zile za rangi ya samawati tusizichezee, kwa kuwa huwa zimetiwa kobalti, ambayo ni sumu. Tukipata na kipimo kidogo cha unyevu, tulenge asilimia kati ya 40 na 50. Kuvu hustawi hewa ikiwa na unyevu mwingi kuliko huo.

Pili, kichujio kitolewe kwenye lenzi kila kazi inapokwisha. Kazi yake si kuzuia mikwaruzo. Isitoshe, hula zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo anayekiacha hapo wakati wa michezo ya jioni hupata picha za watu waliotikisika kama mizimu. Pete ikikwama usiibane kwa nguvu, maana utaifanya yai na itazidi kushika. Izungushie mpira wa kufungia pesa, ishike kwa wepesi pande zote, kisha geuza.

Tatu, tujifunze kusafisha. Kupumulia kioo na kukifuta kwa shati ni mazoea mabaya. Tukitoka Tabaka huwa tumejaa vumbi jeupe. Vumbi la jiwe la sabuni lenyewe ni laini, kwa kuwa talki ni miongoni mwa madini laini kuliko yote, lakini humo huchanganyika na chembe za msasa, na hizo hukwaruza kioo. Kwanza puliza kwa mpira wa kupulizia, halafu tumia brashi laini, halafu kitambaa safi. Dawa ya kusafishia iwekwe kwenye kitambaa, tone moja, wala isimwagwe kwenye kioo. Na kamwe kichujio kisizamishwe majini! Maji huingia ukingoni na yakishafika kwenye utando hayatoki.

Nne, tujihadhari na joto na baridi za ghafla. Gari linaloegeshwa juani sokoni Keroka huwa tanuri, na dashibodi yake ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Kwa upande mwingine, asubuhi za Nyansiongo ni baridi kali. Ukitoka huko na kamera baridi ukaingia moja kwa moja katika ukumbi uliojaa watu na pumzi zao, kioo hutoka jasho. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, ndipo uitoe.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu, funguo zisishikwe na wa kidato cha nne peke yao. Desturi yetu ni kwamba wa kidato cha kwanza hawaruhusiwi kugusa vifaa mpaka mwaka wa tatu. Matokeo yake ni kwamba anayejua kutunza huondoka na cheti chake Novemba, na Januari hakuna anayejua lolote. Kabati hubaki yatima. Kila kidato kiwe na msimamizi mmoja wa kopo, na pawe na daftari la kuandika nani alichukua, alirudisha lini na kifaa kilikuwa katika hali gani. Mdogo akifundishwa mapema atatunza miaka minne mizima. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na chama nacho ni mtoto.

Mkitaka kujua kama kichujio bado kina uhai, kipimo chake ni rahisi. Washa kikokotoo, tazama skrini kupitia kichujio huku ukikizungusha. Kikiwa kizima, ukikitazamia upande sahihi, skrini itageuka nyeusi sawasawa na kurudi. Kama giza lina mabaka mabaka, utando umeanza kuoza. Nilivipima vile viwili vyetu kwa njia hiyo. Cha kwanza hakifai. Cha pili, pamoja na kufifia, bado kinaleta giza la kutosha katikati, na pete yake inaweza kutolewa na fundi wa saa pale mjini kwa dakika chache.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Muhula ujao tusinunue kichujio chochote. Tununue kopo na kipimo cha unyevu, tumlipe fundi wa saa, tukitumie hicho cha pili kilichobaki kwa mwaka mmoja mzima, na tuandike daftari. Mwaka ukiisha bila kuongezeka madoa, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono tununue kizuri, kwa kuwa tutakuwa na mahali pa kukiweka. Madoa yakiongezeka licha ya kopo, basi wa bei ghali watakuwa na hoja na mimi nitanyamaza. Mlezi wa chama amekwisha kubali kulipokea pendekezo hili kwenye ajenda. Kura ni zenu, wenzangu. Njooni na maswali, na anayetoka na viatu vipya dukani asisahau kuniletea kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya boksi.